Kipuli cha Adabu

Nchi ilipofungwa mara ya tatu kwa sababu ya homa, lile watu waliloliita kufuli la tatu, wakubwa walikaa kikao wakagundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba vijana wana huzuni. Walikuwa wamewafungia vyumbani, kila mtu na chumba chake na lakiri ya watu wa afya mlangoni. Walikuwa wamefunga shule, viwanja, makanisa na misikiti. Kisha wakaagiza utafiti wa kujua huzuni hiyo imetoka wapi. Utafiti ukasema imetoka kwenye maneno makali. Haukusema neno juu ya mlango. Basi mlango ukaachwa palepale, yakashughulikiwa maneno.

Ndiyo sababu asubuhi hiyo Minza Ngassa alikuwa amekaa kitandani kwake Dodoma, kompyuta mapajani, akimtazama Dakta Rwegoshora akitabasamu kwenye skrini. Dakta Rwegoshora alikuwa mkurugenzi wa Kitengo cha Utulivu wa Vijana, na aliwazungumzia vijana kama mfugaji anavyozungumzia kuku wa kisasa: wapate chakula, wapate joto, kelele zipungue, watanenepa wenyewe.

"Waziri anataka mfano," alisema. "Kijana mmoja. Aoneshwe taifa zima kwamba Laini inafanya kazi. Nimekuchagulia huyu wa Mwanza, Shija, ana miaka kumi na tisa. Tazama kijani hicho, Minza! Sijaona kijana mtulivu kiasi hiki tangu tuanze."

Minza akatazama. Kila nyumba yenye kijana ilikuwa nukta kwenye ramani, na nukta ya Shija ilikuwa ya kijani kibichi kama jani la mgomba baada ya mvua.

"Niandalie vipande vya sauti," Dakta akasema. "Vitamu. Waziri analia kirahisi."

Laini ilikuwa mtambo uliokaa ndani ya kipuli. Kwa kuwa watu wa nyumba moja hawakuruhusiwa kukaa chumba kimoja, walivaa vipuli masikioni wakasemezana kupitia ukuta, na kwa ndugu na marafiki wa mbali vilevile. Neno lilipotoka kinywani mwa msemaji, Laini ililidaka kabla halijafika, ikaling'oa miiba, ikalifikisha kwa sauti ileile ya mwenyewe, na kikohozi chake na lafudhi yake. Msikilizaji hakuona tofauti. Wala hakuambiwa. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa chini kabisa ya masharti, mahali ambapo kila mtu alikuwa amebonyeza "Nakubali" huku akitafuta chaja.

Mtambo wenyewe ulifundishwa Kiswahili kwa sauti za watangazaji, wahubiri na washiriki wa warsha za hotelini. Haukuwahi kukaa jikoni. Haukuwahi kumsikia mtu akimtukana mtu anayempenda.

Kazi ya Minza ilikuwa ukaguzi wa sauti. Aliweza kusikia pande zote mbili, ghafi na laini, lakini kwa kawaida alipewa zile tu ambazo mtambo ulikuwa na shaka nazo, na mtambo haukuwa na shaka mara nyingi. Una tabia ya wasomi wengi, hauna shaka hata kidogo mahali usipojua kitu.

Akafungua kumbukumbu za Shija. Akaanza na rafiki yake, msichana wa Kisarawe aitwaye Sikudhani, aliyesoma naye sekondari. Upande wa laini, Sikudhani alikuwa akisema: "Habari za asubuhi, Shija. Natumaini umekula vizuri."

Minza akahamia upande ghafi.

"We Msukuma! Bado uko hai? Mie nikajua ushakufa kwa kuvimbiwa michembe!"

Minza alicheka mpaka kompyuta ikataka kuanguka. Na yeye ni Msukuma. Amekua akiitwa mla michembe, vile viazi vya kukausha, na kila Mzaramo aliyepita mbele yake, tangu mwalimu wake wa darasa la kwanza hadi mkunga wa dada yake, na ole wake Mzaramo ambaye angemwita kwa adabu, maana angejua kuna msiba au kuna ugomvi. Mtani asiyekutukana amekukana.

Akatafuta jibu la Shija. Ghafi: "Mzaramo usiye haya, mmeshauza mnazi wa mwisho mkacheze ngoma?" Na lililomfikia Sikudhani: "Asante, Sikudhani. Nawatakia mafanikio hapo nyumbani."

Hapo kicheko kikaanza kumkauka. Akasogea mbele, wiki kwa wiki. Sikudhani alitukana kwa juhudi, kisha kwa hasira, kisha kwa kubembeleza, na kila mara Shija alisikia sauti ileile ya rafiki yake ikimtakia siku njema kama mhudumu wa benki. Shija naye alirusha matusi yake yote mazuri, akapokelewa kwa shukrani. Kila mmoja alidhani mwenzake amekuwa mstaarabu, na kati ya watani hakuna habari mbaya kuliko hiyo. Mwisho Sikudhani alisema, ghafi: "Haya bwana, kama umenichoka si useme tu." Shija akasikia: "Haya, Shija. Pumzika vyema." Baada ya hapo hawakuongea tena.

Mtambo ukampandisha Shija daraja, kwa kuwa sasa alikuwa kimya. Watengenezaji wake hawakuwahi kuambiwa kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Wao walikihesabu kuwa utulivu.

Sauti ya mwisho ilikuwa ya Shija na mama yake, aliyelala chumba cha pili. Baba alikuwa amekwama Kigoma tangu mipaka ya mikoa ifungwe. Minza akasikiliza upande ghafi kwanza.

"Mama. Mama, naomba unisikilize. Mimi naona bora nisingezaliwa. Sitaki tena kuishi. Naogopa, mama."

Na mama alichosikia: "Mama, nina usingizi kidogo. Usijali."

Jibu la mama halikubadilishwa hata neno moja, maana halikuwa na mwiba.

"Basi lala, mwanangu. Kesho nayo ni siku."

Minza akavua kipuli chake, akakitazama mkononi. Alitamani kukitupa chooni. Mtoto amepiga yowe, mama amemwambia alale, na serikali imewapa wote wawili rangi ya kijani.

*

Jambo la kwanza alilofanya ni lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: alimpigia mama.

"Shikamoo, Mama Shija. Naitwa Minza, napiga kutoka Kitengo cha Utulivu. Mama, mwanao yuko hatarini. Anasema hataki kuishi. Nenda kwake sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu!" Mama Shija akajibu, na sauti yake ilijaa furaha. "Asante kwa habari njema. Na mimi namwona ametulia kweli siku hizi. Mungu awabariki na kazi yenu."

Laini ilikuwa imemdaka na Minza. Akajaribu tena kwa maneno mengine, akapaza sauti, akataja kifo, na kadiri alivyopaza ndivyo Mama Shija alivyozidi kushukuru. Mwisho akamwalika Mwanza, kufuli likifunguliwa, aje ale sato.

Akapiga dawati la dharura. Kijana wa dawati akaangalia nukta, akaona kijani, akamwuliza kwa upole kama yeye mwenyewe hajambo. Dawati lilikwenda kwa rangi. Nyumba za kijani hazikupelekewa mtu.

Akampigia Dakta Rwegoshora. Kwa watu wa kitengo, wao kwa wao, Laini haikufanya kazi. Wakubwa walijua kujitengea maneno halisi kama walivyojitengea chanjo.

"Dakta, kitufe ninacho ila sheria inataka ruhusa yako, niruhusu kufungua nyumba ya Shija. Nizime Laini hapo tu."

"Kwa nini niharibu mfano wangu?"

"Mfano wako anataka kufa."

Alimsikilizisha. Dakta alisikiliza, na ni haki kusema kwamba uso wake ulibadilika. Si mtu katili. Watu wa namna yake si makatili hata siku moja, laiti wangekuwa, ingekuwa rahisi kuwachukia.

"Minza, sikia," akasema, na safari hii bila sauti ya jukwaani. "Kufuli la kwanza tulikuwa na binti Arusha. Mtoto wa watu. Alikuwa amefungiwa peke yake kama huyu, wenzake wakamtumia matusi, mchana wakacheka, jioni akawa hayupo. Nilikwenda mimi kwenye mazishi. Wazo la Laini lilizaliwa pale. Sasa wewe unataka nichukue kijana aliye ukingoni nimfungulie matusi?"

"Hayo si matusi. Ni utani."

"Na yule wa Arusha, wenzake walisema nini walipoulizwa? Walisema ni utani."

Hilo ndilo lililomuudhi Minza kuliko yote, kwamba bwana yule mwenye tai, aliyewafundisha watu wote kunong'ona, safari hii alikuwa na hoja. Minza hakuwepo kwenye moyo wa Shija. Labda mtu aliyekaa ukingoni hasikii utani, anasikia kusukumwa tu. Na akimfungulia, kisha jioni naye akawa hayupo, nani atasimama mbele ya mama yake amweleze habari za michembe?

"Basi tumjulishe mama yake kwa njia nyingine," akasema.

"Tukimjulisha atajua kwamba tunabadilisha maneno. Akijua yeye, watajua wote. Vijana wa nchi nzima watajua kwamba kila neno jema waliloambiwa tangu kufuli lianze halikusemwa na mtu. Umewaza watafanya nini siku hiyo?" Akarekebisha tai. "Nitaiagiza Laini imwongezee maneno ya faraja. Wewe endelea na vipande vya waziri."

Maneno ya faraja! Yaani mtu anazama, nawe unamwongezea maji, ila ya uvuguvugu.

*

Siku iliyofuata bibi yake Shija, Bibi Kabula, alifariki Bariadi kwa homa ileile. Alizikwa na watu wenye mavazi meupe ambao hawakujua hata jina lake. Matanga yakafanyika kwa njia ya Ukumbi, mkutano wa mtandaoni, kila ndugu chumbani kwake, sura zimepangwa kwenye skrini kama picha za wanaotafutwa na polisi.

Minza aliingia kama mkaguzi, bila kuonekana. Akapitia majina ya waliohudhuria. Sikudhani alikuwepo. Bila shaka alikuwepo. Bibi Kabula alikuwa mtani wake na alimwita mke mwenza tangu siku ya kwanza Shija alipomleta nyumbani, na msiba wa Kisukuma usio na mtani Mzaramo ni kama haujafanyika. Mtani ndiye anayejua la kufanya watu wakishindwa kulia.

Shija alikuwa kwenye kona ya chini. Alikuwa amekonda. Alitazama skrini kwa macho ya mtu anayesubiri basi ambalo halimhusu.

Minza aliweka mkono kwenye kitufe cha kuzima Laini katika nyumba mbili, ya Mwanza na ya Kisarawe. Akamfikiria binti wa Arusha. Hakujipa moyo kwamba yuko sahihi, hakuwa na uhakika huo hata kidogo. Alijua kitu kimoja tu: kijana huyu alishasema mwenyewe, kwa kinywa chake, na neno lake liliibwa njiani. Afe au apone, alistahili kusikiwa. Akazima.

Wakati huohuo Sikudhani alisimama kwenye chumba chake, amejifunga kanga ya Bibi Kabula aliyopewa zamani, mgongo ameupinda, mkono mmoja kiunoni, akatembea kwa kuchechemea kama marehemu alivyochechemea.

"Mnalia nini nyie?" akafoka kwa sauti ya bibi yule. "Mnamlilia huyu mchoyo? Ugoro wake mwenyewe alikuwa anaunusa kajificha nyuma ya mlango asije akaombwa! Nani kamruhusu kufa bila kuniaga? Siondoki hapa msibani mpaka nipewe kigoda chake. Nikikosa, namfuata hukohuko kaburini!"

Kwa ndugu wengine Laini ilikuwa bado inafanya kazi. Mjomba mmoja wa Maswa akatikisa kichwa kwa heshima. "Binti ana adabu sana huyu," akasema. "Ametupa pole nzuri kweli."

Kwenye kona ya chini, Shija alikuwa ameinua kichwa.

"Na wewe Msukuma wa kona hiyo," Sikudhani akaendelea, na sasa sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Mjukuu gani hata chozi huna? Au ushakuwa bwana mkubwa? Miezi yote unaniambia 'nawatakia mafanikio hapo nyumbani'. Mie mpiga kura wako?"

Shija akasogea karibu na skrini.

"Wewe ndio ulianza," Shija akasema taratibu, sauti kavu ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. "'Natumaini umekula vizuri.' Kama nesi."

"Nani? Mimi? Niseme neno hilo mimi, mtoto wa Kizaramo? Nilikwambia umevimbiwa michembe!"

"Na mimi nikakwambia mmeuza mnazi."

"Hukuniambia!"

"Nilikwambia, Siku. Kila siku nilikwambia."

Wakatazamana. Hawakuwa wajinga. Vijana si wajinga kama kitengo kilivyoamini, na ilichukua pumzi chache tu mpaka wote wawili wakashika vipuli vyao kwa vidole. Kwenye kompyuta ya Minza nukta ya Mwanza ilitoka kwenye kijani ikaingia njano, kisha rangi ya chungwa. Simu ya Dakta Rwegoshora ikaanza kuita.

Shija aligeukia ukuta, si skrini. "Mama," akasema. "Siku ile nilikwambia. Ukanijibu nilale."

"Uliniambia una usingizi, baba," Mama Shija akajibu kutoka chumba cha pili.

"Sikusema hivyo. Nilisema sitaki kuishi. Hata sasa sitaki, mama."

Ukumbi haukuelewa kitu. Mjomba wa Maswa alikuwa amesikia kwamba kijana anamshukuru mama yake, akaitikia amina. Lakini Mama Shija alikuwa amesikia. Minza akaona mkono wake ukienda wenyewe kwenye kitufe. Dakta alikuwa ameshaingia kwenye kipuli cha Minza. "Rudisha!" alikuwa akipiga kelele. "Rudisha Laini, Minza, utaniulia huyo mtoto!"

Ndipo ikaja sauti ya mama, na haikuwa na adabu hata chembe.

"Koma! Koma kabisa, Shija! Nani kakupa ruhusa? Nikubebe mgongoni na degedege lako kutoka Bariadi mpaka hospitali, leo unifie chumba cha pili, mimi nimekaa hapa nachambua mchele? Mjinga we! Mbwa we! Fungua mlango huo!"

"Mama, lakiri. Watakuja watu wa afya."

"Waje! Waje nao niwaoneshe! Fungua, au nauvunja!"

Ikasikika lakiri ya mlango wa mama ikikatika, nyayo zikienda jikoni na kurudi, kisha kishindo kwenye mlango wa Shija. Minza aliutambua mlio huo, kila mtu aliyelelewa jikoni angeutambua: mchi wa kinu. Kingine. Na kingine. Nukta ya Mwanza ilikuwa nyekundu, nyekundu ambayo mtambo haujawahi kuionesha, na chini yake maandishi yakimeta: *Nyumba hii iko hatarini. Punguza sauti.*

"Unasikia?" Dakta akafoka. "Anamwita mbwa! Mtoto amesema anataka kufa, mama anamwita mbwa!"

"Nasikia," Minza akasema. "Nyamaza na wewe usikie."

Mchi ukapiga tena. Kisha sauti ya Shija, nusu yake kilio: "Mama, basi. Mama, acha, utauvunja mlango wa watu, nyumba ya kupanga hii…"

"Fungua basi, mwanangu. Nakuomba. Fungua, mama yako nimechoka."

Lakiri ya mlango wa Shija ikakatika kwa mlio mdogo. Kisha havikusikika vishindo tena, ila kilio cha watu wawili kwenye vipuli viwili vilivyokaribiana mno, na Sikudhani huko Kisarawe akilia kwa sauti huku akiwatukana wote, ukoo mzima, waliokufa na waliobaki.

*

"Umefukuzwa kazi," Dakta Rwegoshora akasema. Alikuwa amekaa, tai imemlegea. "Unajua umefanya nini? Huyu amepata bahati ana mama mwenye mchi. Sasa hivi wanaambizana. Jioni nchi nzima itajua. Na wale wasio na mtu chumba cha pili?"

Hilo hasa ndilo Minza alilokuwa akiliwaza. Hakuona fahari yoyote. Alikuwa na mlango mmoja uliofunguka, na ramani nzima ya kijani, nchi nzima imetulia kama makaburi, na watu waliosoma mpaka Ulaya waliitazama rangi hiyo wakapeana mikono.

Ruhusa yake ya mtambo ilikuwa bado haijakatwa. Hata kufukuza mtu walihitaji kikao.

Akatafuta nukta iliyokuwa ya kijani kuliko zote sasa, baada ya Shija. Ilikuwa Songea, chumba cha binti aitwaye Asifiwe, anaishi peke yake, neno lake la mwisho limesemwa zamani. Akazima Laini. Kwenye kipuli akasikia feni inazunguka, na hakuna kingine.

"Hodi," akasema.

Feni ikazunguka.

"Hodi. Asifiwe, naitwa Minza. Hii ni sauti yangu mwenyewe."

Hakuna aliyejibu.

"Hodi."

Desturi ni kupiga hodi mara tatu, ukikosa jibu unageuka unakwenda zako. Minza akaisogeza kompyuta karibu, akaendelea kupiga.